Nyota ya Burma, Jina la Ziem

2 Septemba 1971

Daftari hili lilikuwa la mwanangu Cletus. Aliandika kurasa tatu za hesabu za shule, akazikosea zote, akalitupa. Nimezichana hizo kurasa. Kuanzia leo ni langu, na litatumika kama daftari la mtu mwenye nidhamu.

Barua imekuja kutoka kambi ya jeshi. Wanafungua ukumbi mpya wa maofisa, na ukutani wataweka picha, medali na historia ya utumishi ya kila mtu wa kaskazini aliyepata uofisa katika jeshi la Mwingereza kabla ya uhuru. Tuko wachache sana. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Novemba. Nimeisoma barua mara nne, nikamsomea Bibiana mara ya tano. Mke wangu akasema, "Sasa hutakaa nyumba moja na sisi watu wa kawaida." Nikamwambia sijawahi kuwa mtu wa kawaida, yeye ndiye hakuwa amearifiwa.

Barua imeandikwa kwa Luteni Ziem Lawra. Jina langu ni Bayor.

Lawra ni mji tulikoandikishwa. Karani wa jeshi alipachika jina la mji nyuma ya jina la kila kuruti, tukawa akina Lawra wote, kama tumezaliwa na baba mmoja. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na Ziem. Ziem ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na anaishi ukuta kwa ukuta na mimi. Mwaka 1939 jina lililotajwa lilikuwa lake, naye akavuka mto Volta Nyeusi akajificha kwa Wafaransa. Niliyeenda ni mimi. Miaka ishirini jeshini niliitika kwa jina la mtu aliyekimbia jeshi. Nyota ya Burma, medali yangu ya vita, yenyewe haina jina, nyuma ni tupu kabisa, kwa hiyo karatasi ndiyo inayosema ni ya nani. Na karatasi zote zinasema Ziem.

Safari hii hapana. Ukutani pale litakaa jina langu.

3 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Mtama umeinama lakini haujaanguka. Hata mtama wangu unajua kusimama.

6 Septemba

Nimekwenda Lawra kwa lori la mchanga, nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Karani wa wilaya ni kijana mstaarabu, alisimama nilipoingia. Akaniambia jina linaweza kusahihishwa, lakini kwa kiapo. Ziem mwenyewe aje, aseme mbele ya ofisi kwamba hakuandikishwa, alikimbia, na aliyekwenda ni mimi. Kisha aweke kidole gumba.

"Atakubali, mzee?" akaniuliza.

"Atakubali," nikasema. "Ni neno la kweli, na fupi."

Njiani kurudi nilikuwa nafurahi, sitaficha. Miaka thelathini na miwili nimengoja aliseme neno hilo kwa mdomo wake.

7 Septemba

Nilimkuta Ziem juu ya paa la nyumba yake anatandaza karanga zikauke. Sikupanda. Nilisimama uani nikamweleza nikiwa chini, naye anasikiliza amechuchumaa, mikono imejaa maganda. Mimi na Ziem husalimiana kila asubuhi kwa sababu ua ni mmoja. Kula sahani moja hatujala tangu nirudi vitani. Najua watu husema Luteni ana roho ngumu. Waseme.

Nilipomaliza alikohoa sana, kikohozi cha kifua, kisha akasema, "Nimekusikia, mdogo wangu. Nipe nafasi nifikiri."

"Ulikuwa na miaka thelathini ya kufikiri."

"Ndiyo," akasema. "Nami ni mzito, unanijua."

Akarudi kwenye karanga zake. Nilibaki nimesimama pale kama mwombaji.

11 Septemba

Mvua. Ziem kimya.

15 Septemba

Nimeanza kuandika historia ya utumishi. Nimeiandika kwanza humu, nitainakili kwa mwandiko mzuri baadaye.

Mwaka 1939 kila nyumba kubwa ilitakiwa kutoa mtu mmoja. Kwa nyumba yetu likatajwa jina la Ziem. Asubuhi lori lilipokuja, Ziem hakuwepo. Askari wa chifu wakamkamata baba mkubwa, wakamfunga mikono na kumketisha juani mbele ya watu, mzee aliyekuwa na mvi tayari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka shambani, jembe bado liko begani, nikapita katikati ya watu nikasema, "Mimi ndiye Ziem."

Mzungu akaniangalia miguu, akaniangalia meno, akaandika. Baba mkubwa akafunguliwa. Mama yangu alinifuata hadi kwenye lori akiwa na kibuyu cha maji, hakusema lolote mbele ya wazungu. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho niliyo nayo.

Nimeisoma tena sehemu hii. Nilifanya jambo kubwa, na kama hakuna aliyewahi kuniambia, basi najiambia mwenyewe leo kwa wino.

24 Septemba

Burma. Nimeandika tangu asubuhi mpaka Bibiana akaja kuangalia kama nimekufa.

Sitaandika yote. Bonde la Kaladan, mwaka 1944. Mizigo tulibeba kichwani kwa sababu hapakuwa na barabara wala nyumbu aliyekubali. Mvua ya kule haina aibu, hunyesha miezi mitano haipumziki. Chakula kilidondoshwa na ndege, siku nyingine kikaangukia kwa Mjapani, naye akala. Kwenye kivuko kimoja kapteni wetu alipigwa risasi ya shingo akiwa hatua tatu mbele yangu. Nilikuwa sajini. Watu thelathini na wanane walikuwa wamelala kwenye matope wananitazama. Niliita majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya gwaride, kila mmoja akaitika, na kila aliyeitika alisimama. Nilivusha thelathini na sita. Wawili niliwarudia kesho yake nikawazika.

Kwa ajili hiyo na mengine kama hayo, mwaka 1952 nilipewa uofisa. Meja aliyenivalisha nyota ya bega alisema, "Hongera, Luteni Ziem." Nilipiga saluti. Mkono ulikuwa wangu, na jina halikuwa langu.

30 Septemba

Karanga za kwangu ziko tayari kung'olewa. Mvua imepungua. Ziem kimya.

5 Oktoba

Nilikwenda kwa mama muuza pombe ya mtama nikiwa nimekusudia kibuyu kimoja. Dabuo alikuwa pale. Dabuo ni mtani wetu, ukoo wake na wetu wanataniana tangu zamani za mababu, na Mungu alimpa mdomo wa kazi hiyo.

"Simameni! Simameni!" akapiga kelele. "Luteni wa Karanga anaingia! Mama, mpe kiti chenye miguu minne, hawa wakubwa hawakai kwenye gogo."

"Kaa chini, Dabuo. Wewe ungeliona bunduki ungejikojolea."

"Ningejikojolea, tena nyingi! Lakini ningejikojolea kwa jina langu mwenyewe."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Nikacheka nao. Lakini nilimaliza kibuyu haraka nikaenda nyumbani.

Nimemtuma Tengan, mtoto wa kwanza wa Ziem, amwambie baba yake kwamba siku zinakwisha. Tengan ni mtu mzima, ana watoto watatu. Alinisikiliza ametazama chini. "Sawa, baba mdogo," akasema. Hakuna zaidi.

14 Oktoba

Leo nimeita watu kuja kung'oa karanga zangu. Wamekuja kumi na saba, na wa kumi na saba alikuwa Ziem. Sikumwita. Alichukua mstari wa mwisho kando ya kichuguu, ule ambao ardhi yake ni ngumu na kila mtu huukwepa. Nilipita nikikagua kazi kama kawaida yangu, nikakuta watu wengine wameacha karanga ardhini. Kwenye mstari wa Ziem hakukuwa na hata moja iliyobaki. Alikuwa anang'oa, anakohoa, anang'oa.

Bibiana alipogawa chakula alimpelekea Ziem bakuli la peke yake chini ya ukuta. Nilimwona amekula kidogo tu.

"Mwambie aende kulala," Bibiana akaniambia.

"Si askari wangu."

"Kweli," akasema Bibiana. "Askari wako ungewaonea huruma."

22 Oktoba

Asubuhi Tengan alikuja mbio. Baba yake hayupo. Mkuki wake upo, baiskeli ipo, viatu havipo. Mawazo yangu ya kwanza nayaandika kama yalivyokuja, maana daftari la uongo halina faida: nilisema moyoni, amevuka mto tena.

Jioni, jua bado lipo, alirudi kwa miguu kutoka kusini. Alikwenda Lawra. Maili kumi na mbili kwenda, maili kumi na mbili kurudi, na kifua kile. Alipita uani kwangu akanipa bahasha ya serikali, kidole gumba chake bado kina wino wa zambarau.

"Nimesema," akaniambia. "Kijana amesoma kwa sauti ili nihakikishe. Kulikuwa na watu wengi ofisini."

"Ungechukua lori."

"Nilidhani ni vizuri niende kwa miguu."

Nikafungua nikasoma. Yote yamo. Mimi Ziem, mwaka 1939 nilitoroka. Aliyekwenda akapigana ni Bayor. Vyeo vyote ni vyake. Medali ni yake. Limeandikwa jina langu mara saba, nimehesabu.

Nilikuwa nimengoja furaha. Ilikuja, lakini ilikuwa ndogo, na haikukaa.

23 Oktoba

Leo nilikwenda nyumbani kwa Ziem kumshukuru. Inampasa mwanajeshi kushukuru. Nilivaa shati jeupe.

Alikuwa amelala. Mkewe Ayuo alikuwa anapepeta njugu mawe mlangoni. Ayuo ni mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa miaka yote hii. Nikasema nimekuja kumshukuru kaka.

"Kaka," akasema Ayuo. Akaweka ungo chini. "Leo ndiyo kaka?"

Nikachuchumaa mbele ya ungo wake.

"Shemeji, mimi nitasema, na ukitaka kunipiga unipige. Umepata karatasi yako. Mume wangu anatema damu ndani, lakini karatasi umepata. Sasa nikuulize. Wewe ulipokwenda kuitwa Ziem huko kwa wazungu, hapa Ziem aliitwa nani?"

Sikuelewa swali.

"Ziem yuko jeshini! Serikali ina karatasi! Angerudi kutoka ng'ambo akasema mimi ni Ziem, wangemfunga yeye, na wewe wangekurudisha kwa pingu. Aliporudi baada ya miezi minne, aliitwa Bayor. Watu wa barabara walipokuja kutafuta nguvu za bure kuchimba barabara ya Hamile, wakaita Bayor, akaenda yeye. Miaka saba, kila kiangazi! Ule mgongo unaouona umepinda, umepindia pale. Shamba la mama yako nani alilima? Paa lake lilipobomoka nani alilijenga? Unafikiri uliacha mama yako na nani?"

Nikasema nilijua walimsaidia.

"Walimsaidia." Alicheka kicheko kibaya. "Mama yako alipokufa, wewe ukiwa huko, maiti yake ilikaa kwenye ulingo siku tatu ikililiwa. Watu wakauliza, mwanawe yuko wapi? Mama hawezi kwenda kama mgumba. Nani alifungwa kamba siku ile? Umewahi kuuliza hata mara moja, nani alifungwa kamba ya mama yako?"

Sikuwahi kuuliza.

Kwetu, anayefiwa na mtu wa damu hufungwa kamba, na mwenzake akaishika, ili uchungu usimpeleke kujitupa kisimani au porini. Kamba hiyo huwezi kumfungia mtu kwa heshima tu. Hufungwa mtoto, mke, ndugu wa kuzaliwa. Mimi nilipata barua ya padri miezi mitano baadaye, mama amekufa, amezikwa vizuri. Niliikunja nikaitia mfukoni nikaendelea na zamu.

"Wakaita Bayor," akasema Ayuo. "Akaitika. Wakamfunga. Na alivyolia siku ile, watu walishika kamba wawili."

Nilitoka bila kumwona mgonjwa. Nimekaa na daftari hili tangu mchana. Nina aibu. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

24 Oktoba

Sikuandika historia leo.

2 Novemba

Tumeanza kukata mtama. Umezaa vizuri, masuke mazito. Upepo mkavu umeanza kugusa midomo.

Mchana nilimpelekea Ziem chakula mwenyewe, ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, nikakaa chini mkekani nikanawa. Aliangalia mkono wangu unaingia kwenye bakuli lake.

"Sumu?" akauliza.

"Ningetaka kukuua ningefanya zamani. Kula."

Akala matonge matatu. Ndipo nikamwuliza lile nililobeba miaka yote. Kwa nini alikimbia? Nilikuwa nimemwandalia majibu mazuri. Labda mke alikuwa mjamzito, labda mganga alimkataza, labda baba yake alimtuma.

"Niliogopa," akasema Ziem. "Ningependa kukuambia jambo jingine, mdogo wangu. Nimelitafuta sana. Niliona lile lori, miguu ikaenda yenyewe. Nilipofika ng'ambo nikasikia umekwenda wewe, nikakaa chini. Nikasema, basi, nitakuwa yeye mpaka arudi."

"Na niliporudi hukuniambia kitu."

"Ulirudi una viatu vinavyong'aa. Ulinisalimia kama unamsalimia mpagazi. Nikasema, sawa, ni haki yake."

Nikasogeza bakuli upande wake.

"Nyota yenyewe," akasema, "inafananaje? Sijawahi kuiona karibu."

Nikaenda kuileta. Aliishika mkononi muda mrefu, akaigeuza akaona nyuma ni tupu, akanirudishia. "Nzito kidogo," akasema. Alionekana ameridhika.

6 Novemba

Mtama uko juu ya mapaa yote. Ziem hali wala hasemi.

9 Novemba

Ziem amefariki asubuhi hii, kaka yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa.

Marimba zimeanza kabla ya saa nne. Wamemvisha joho la mistari wakamketisha juu ya ulingo uani kwetu, uso kwa watu. Pembeni wametundika jembe lake, podo la mishale na fungu la mtama mpya. Kwenye ulingo hutundikwa kazi ya mtu, kile alichofanya kweli kwa mikono yake. Tengan alinijia faraghani, akasema kwa shida, "Baba mdogo, watu wanauliza. Kwa kuwa karatasi ilikuwa na jina lake miaka yote, ile nyota haiwezi kukaa pale, hata leo tu?"

Nikamwambia haiwezi. Si kwa uchoyo. Hata Ziem angekataa. Nilimwona ameelewa, lakini macho yalimjaa maji.

Kina mama wakaja na kamba kunifunga, kama ndugu. Hapo nilifanya kosa, na nitaliandika. Nilirudisha mkono nyuma, nikasema, "Ofisa hafungwi. Nitasimama mwenyewe." Nilikuwa na machozi, na kiburi kikasemea machozi. Wakaniacha, wakaenda kwa Tengan.

10 Novemba

Nataka kuandika siku hii kwa mpangilio.

Asubuhi watani walikuja, Dabuo mbele. Sheria tunaijua sote. Kwenye msiba mtani ana ruhusa. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza alivyotembea, atadai mbuzi, na mfiwa hana haki ya kununa. Msiba bila watani ni wa mtu asiyejulikana. Lakini Dabuo alikuwa Lawra siku ile ya kiapo. Alisimama mlangoni mwa ofisi akasikia kila neno.

Alikuwa amechonga kigae cha kibuyu kikawa nyota, amekitia kamba. Akapanda akakitundika kwenye ulingo, kando ya jembe. Kisha akaanza kukimbia kuuzunguka ulingo, anajificha nyuma ya wanawake, anashika suruali, anapiga mayowe: "Mto uko wapi? Mto uko wapi jamani? Nivusheni, lori linakuja!" Kila alipofika mbele ya maiti alipiga saluti ya mkono wa kushoto.

Watu walicheka. Ni haki yao. Marimba zenyewe zilimfuata, zikapiga mwendo wa mtu anayekimbia. Nikamtazama Tengan, amefungwa kamba kiunoni, rafiki yake ameishika, hana ruhusa ya kukasirika na hana pa kuuweka uso. Ayuo alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

Dabuo hakuwa na kosa. Habari ile nilimpa mimi, kwa kudai kiapo. Ziem alitembea maili ishirini na nne kunipa jina langu, na jina hilo ndilo lililokuwa linamkimbiza kuuzunguka ulingo wake mwenyewe.

Niliingia ndani nikavaa sare. Shati limenibana tumbo, vifungo viwili vimekataa, nimevifunika kwa mkanda. Nikapachika Nyota ya Burma kifuani na medali nyingine mbili pembeni. Bibiana aliniona akadhani nimepata wazimu. "Unakwenda kumkanyaga mpaka huko?" akaniuliza. Nikatoka.

Nilipoingia uani kwa mwendo wa gwaride marimba zilinyamaza. Nikasimama mbele ya Ziem, visigino pamoja, nikapiga saluti ya mkono wa kulia, ile ninayompigia mkubwa wangu tu. Kisha nikageuka nikasema kwa sauti ya kivuko cha Kaladan, ili hata walio nje ya ukuta wasikie.

"Mimi ni Luteni Bayor. Aliyekaa juu ni kaka yangu Ziem. Mwaka 1939 aliogopa akakimbia. Amesema mwenyewe, sitamfunika. Mtani amesema kweli, na tutampa mbuzi wake. Sasa sikilizeni historia ya utumishi wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika.

"Mwaka 1940, barabara ya Hamile, akaitwa Bayor. Aliitika. Mwaka uliofuata akaitwa Bayor. Aliitika. Miaka saba, hakuna siku aliyoandikwa hayupo. Shamba la mama yangu, kila msimu, mtama, karanga, njugu mawe. Aliitika. Watoto wangu walizaliwa mimi nikiwa kambini, wakala kwenye ghala lake. Mwaka 1944 mama yangu alikaa hapa hapa alipokaa yeye leo. Mwana wake akatafutwa. Mimi nilikuwa naita majina ya watu thelathini na wanane kwenye matope. Hapa wakaita jina langu, naye akaitika, akafungwa kamba ya mama yangu, akamlilia kilio changu.

"Niliwahi kuongoza watu wazuri. Mtu wa kuitika namna hiyo sikumpata."

Mtu mmoja tu alikuwa analia, ni Ayuo. Sikuwa nimepanga la kufuata. Nilivua kofia, nikamgeukia Dabuo, aliyesimama na suruali bado imeshikwa mkononi, nikamnyooshea mkono wangu wa kulia.

"Mtani. Nifunge."

Dabuo akatazama nyota, akatazama mkono. "Ofisa hafungwi," akasema taratibu. "Ndivyo ulivyosema jana."

"Jana nilikuwa mjinga. Nifunge, na ushike mwenyewe, tena ushike vizuri."

Wakamletea kamba. Alinifunga juu ya mkunjo wa sare, mafundo mawili. Na hapo, nikiwa na medali tatu kifuani mbele ya wilaya nzima, nililia. Nilimlilia Ziem, nikamlilia mama ambaye sikuwahi kumlilia, nikawalilia wale wawili wa kivuko. Nilikimbilia ulingoni na Dabuo akanivuta, nikakimbia tena akanivuta. Mtani yule ana nguvu. Baadaye nikasikia marimba zimeanza, mpigaji mkubwa anaimba barabara ya Hamile, anaimba "aliitwa, aliitika," na uani kote watu wanaitikia.

Kigae cha nyota sikukiona kilipoondolewa. Bibiana anasema Dabuo alinikabidhi kwa mtu mwingine kidogo, akapanda, akakitoa, akakivunja kwa goti.

Nimejivunia mambo mengi, na humu nimeyaandika bila haya. La leo najivunia kuliko kivuko.

13 Novemba

Tumemzika. Mtama wake uliobaki shambani tumeukata sote kwa siku moja, mimi nikichukua mstari wa kando ya kichuguu.

18 Novemba

Nimemaliza kunakili. Jina: Luteni Bayor. Kiapo cha Ziem nimekiambatanisha, maana kulikataa jina baada ya safari ile ingekuwa kumtukana. Lakini nyuma ya historia yangu nimebana kurasa nyingine mbili, mwandiko ule ule, kichwa cha habari kile kile: Historia ya Utumishi ya Ziem, aliyehudumu nyumbani kwa jina la Bayor, 1939 hadi 1946. Tengan ameshuhudia, Dabuo ameweka kidole gumba na kudai pombe.

Nimewaandikia maofisa kwa heshima. Wakitundika yangu, watundike na yake kando yake, urefu mmoja. Kama ukuta hautoshi, warudishe zote mbili pamoja na nyota, nina ukuta wangu.

20 Novemba

Vumbi limeziba jua. Bibiana ameona alama ya kamba kwenye mkono, imechubuka na kuwa nyeusi, akaja na mafuta ya shea anipake ipone upesi. Nimemkatalia. Nimekunja mkono wa shati, nikaenda sokoni nayo.